Kolibri darasani huku Mtwara: chukua simulesheni na kwizi, video ziache

Walimu wenzangu wa Kusini, wengi mmeniuliza inbox kuhusu hii kitu inaitwa Kolibri, nimechoka kujibu mmojammoja kwa hiyo naandika hapa tumalizane. Jibu fupi ni iwekeni, inafaa na ni bure. Ila ukiiweka kwa ajili ya zile video ambazo ndo kila mtu anazisifia, muhula hautaisha utakuwa umeshaiacha. Mali iliyomo mle ni simulesheni (majaribio ya kuigiza kwenye skrini) na kwizi, video mi naziweka mwisho kabisa na nitasema kwa nini.

Kwa asiyeijua, Kolibri ni programu ya kufundishia bila intaneti, ya Learning Equality, shirika lisilo la faida la kule Marekani, haohao waliotoa KA Lite mwaka 2012 iliyokuwa inabeba masomo ya Khan Academy (zile video na mazoezi ya bure ya Kimarekani) kwenye kompyuta isiyo na intaneti. Hii ndo ilikuja baadae na inabeba vitu vya watu wengi, sio Khan Academy peke yao. Unaipakua mara moja ukiwa sehemu yenye mtandao, unachagua chaneli unazozitaka (ndo mafungu ya masomo), zinakaa kwenye diski ya laptopu na baada ya hapo habari ya bando imeisha. Inakubali Windows, Linux, Android, hata vile vikompyuta vidogo vya Raspberry Pi. Kompyuta zingine za shule mnaziunganisha na laptopu yako kwa rauta yoyote, hata isiyo na laini ndani, wanafunzi wanafungua brauza wanaandika anwani ya laptopu yako wanaingia, hakuna cha kuinstall kwenye kila mashine.

Najua mtu wa Dar hapo kwenye bila intaneti anaona ni jambo dogo. Mwezi wa tano 2024 mnaukumbuka? Kwanza kimbunga Hidaya, barabara ikakatika Somanga, mabasi hayapiti, halafu mwezi huohuo nyaya za chini ya bahari nazo zikapata shida na mtandao ukayumba nchi nzima. Kitu cha offline hakina habari na hayo yote, laptopu ikiwa na chaji kipindi kinaendelea kama kawaida. Na hata siku mtandao uko vizuri, nani anatumia bando lake la mshahara kuonyesha watoto themanini video ya dakika kumi?

Ndo maana pia wale mnaoshauri Kahoot, ule mchezo wa kwizi wa mtandaoni, sijawahi kuwaelewa kwa shule zetu. Kahoot ni nzuri, inachangamsha, lakini inataka intaneti na inataka kila mtoto au kila kikundi kiwe na kifaa mkononi, na shuleni kwetu simu kwa mwanafunzi ni kosa anaitiwa mzazi. Semina za walimu hapo sawa, tunacheza wenyewe na soda zetu.

Sasa twende kwenye PhET maana hapa ndo penye utamu. PhET ni simulesheni za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, mradi ulianzishwa 2002 na Carl Wieman, yule mwanafizikia aliyepata Nobel 2001, na kwenye Kolibri ina chaneli yake. Mimi nafundisha Fizikia na kama we ni mwalimu wa Fizikia shule ya kata unajua maabara zetu zilivyo, ammita (kipima mkondo) unaweza kukuta moja na hiyo moja sindano yake imelala. Kwenye simulesheni ya saketi unavuta betri, waya, balbu na swichi unaunganisha kwa mausi, saketi ikikamilika balbu inawaka na vile vidude vya bluu, ndo elektroni, unaviona vinatembea ndani ya waya. Ongeza betri vinakimbia. Weka balbu mbili kwa mfuatano zinafifia, ziweke sambamba zinarudi kung'aa. Ukiunganisha waya moja kwa moja kutoka ncha moja ya betri mpaka nyingine bila balbu, betri inawaka moto kwenye skrini! Hapo darasa zima linapiga kelele na somo la shoti hutalirudia tena.

Lakini kilichonifanya niipende zaidi sio moto. Kuna kitu watoto wanakishikilia sana, kwamba balbu ya kwanza "inakula" mkondo na ya pili inapata kilichobaki. Unaweza kusema ubaoni mpaka sauti ikauke, wataandika kwenye daftari vizuri tu na mtihani ukija wanarudi kulekule. Kwenye PhET unaweka ammita kabla ya balbu na nyingine baada ya balbu, namba ni ileile. Kabla sijabonyeza swichi nawaambia kila mtu aandike kwenye karatasi anadhani ya pili itasoma ngapi, wanabishana, wanapigiana kura, halafu nabonyeza. Hiyo ya kubashiri kwanza msiiruke, bila hiyo inageuka sinema tu watoto wanaangalia wanasahau.

Jambo lingine, kuna sehemu unachagua uone elektroni au uone mkondo kwa ule uelekeo wa vitabuni, chanya kwenda hasi. Bonyeza huku na huku waone uelekeo unageuka. Miaka yote hilo lilikuwa sentensi moja ya notsi ambayo mtoto anaikariri bila kujua inasema nini.

Simulesheni ya pendulamu nayo ni ya moto. Unapima muda, unabadilisha urefu wa uzi na uzito, halafu unaihamisha pendulamu kwenda Mwezini au Jupita, na kuna sayari inaitwa Planet X ambayo hawakuandikii g yake (mchapuko wa mvutano), mwanafunzi aitafute mwenyewe kwa hesabu. Kidato cha pili waliing'ang'ania hiyo mpaka kengele ya mapumziko imelia hawatoki, na mimi napenda kula kwa wakati.

Ila nisiwadanganye, PhET haiwezi kuwa mbadala wa praktiko. Kwenye simulesheni waya haulegei, betri haichoki, sindano ya ammita haianzii pembeni ya sifuri. Mtoto aliyezoea skrini tu ukimpa saketi ya kweli akaona balbu haiwaki anakaa anakuangalia, wakati ilikuwa akague klipu tu. Kwa hiyo mi naanza na simulesheni wapate wazo, halafu vile vifaa vichache tulivyonavyo vinazunguka kwa vikundi.

Haya, video. Chaneli ya Khan Academy ya Kiingereza ni kubwa mno, magiga kwa magiga, bahati nzuri Kolibri inakuruhusu kuchagua mada unazotaka tu. Shida yake ni mbili. Imepangwa kwa mtaala wa Marekani, hata madarasa yanaitwa kwa mfumo wao, kwa hiyo wewe mwalimu ndo ukae na silabasi yako ya TIE (Taasisi ya Elimu Tanzania) utafute nini kinaoana na nini, na saivi mtaala mpya umeanza 2024 kazi hiyo unaianza upya. Ya pili ni lugha. Watoto wetu wametoka darasa la saba wanasoma kila kitu kwa Kiswahili, kidato cha kwanza wanakutana na Kiingereza, halafu unawawekea Kiingereza cha Kimarekani kinachokimbia kama bodaboda ya Mikindani inayowahi abiria. Na mifano yenyewe ni ya maili, futi na sarafu zao, kuna swali la "quarters" na "dimes" mtoto anashindwa swali la hesabu kwa sababu hajui dime ni kitu gani, wakati ungemuuliza kilo za korosho na bei ya mnadani angekujibu kabla hujamaliza kuuliza.

Nikitumia video, natumia kipande cha dakika mbili tatu, nazima sauti, naongea mwenyewe juu yake. Kwa walimu wa msingi hali ni tofauti kidogo maana ipo chaneli ya Khan Academy ya Kiswahili, na kuna African Storybook yenye hadithi za Kiswahili za kusoma, hiyo ya hadithi kwa darasa la kwanza mpaka la tatu naisifia bila masharti.

Kwizi sasa. Kolibri ukiingia kama mwalimu unatengeneza darasa, unaandikisha wanafunzi, unaweza kuwagawa vikundi, unawapangia somo au kwizi kutoka kwenye mazoezi yaliyomo. Kuna seting ya kuwaruhusu waingie bila nywila, iwasheni, la sivyo nusu kipindi inaisha kwa "mwalimu nimesahau". Mtoto anafanya, mashine inasahihisha, na wewe unaona ripoti swali kwa swali, nani kapata nani kakosa, na kuna sehemu inakuonyesha yale maswali yaliyowashinda wengi. Kwa mtu mwenye madaftari themanini mezani hii peke yake inatosha kuifanya uipende. Jioni unaangalia dakika tano unajua kesho unarudia nini.

Kinachokera ni kwamba maswali yako mwenyewe huwezi kuyaingiza moja kwa moja mle ndani. Ukitaka kuweka paspepa za NECTA, yaani mitihani ya taifa iliyopita, au notsi zako za PDF inabidi uende Kolibri Studio, hiyo iko mtandaoni, unafungua akaunti ya bure, unapandisha mafaili, unatengeneza chaneli yako, halafu ndo unaishusha kwenye laptopu kwa msimbo maalum (token) wanaokupa. Sio ngumu ila inataka mtandao na inataka mwalimu mwenye uvumilivu, na nawajua walimu wenzangu. Mi nashauri wilaya nzima mtu mmoja afanye kwa kila somo halafu wengine wachukue, maana Kolibri inakubali kunakili chaneli kutoka kwenye flashi au kutoka kompyuta nyingine iliyo karibu kwenye rauta hiyohiyo.

Vifaa, maana ndo swali la pili mnaloniuliza. Laptopu ya mtumba yenye RAM ya giga 4 inatosha kuanzia, usiende kununua mpya. Projekta ndo pa kuwa makini. Kuna zile ndogo za bei rahisi zinazouzwa Kariakoo na mitandaoni, boksi limeandikwa mwanga ni lumeni elfu nane elfu kumi, ukiiwasha kwenye darasa letu la madirisha ya nondo yasiyo na vioo na jua la Mtwara la saa nne, ukutani unaona kivuli cha kitu. Muulize muuzaji ANSI lumeni ni ngapi, hicho ndo kipimo chenye maana, akianza kujiumauma ondoka. Sisi tuliziba madirisha kwa magunia ya korosho yaliyobaki baada ya msimu, yameshonwa mawilimawili, giza zuri kabisa ila joto lake ni la tanuru na ukifika mwezi wa kumi na mbili humalizi kipindi mle ndani. Kama shule ina televisheni bapa inchi 43 na kuendelea mi nachagua hiyo kuliko projekta rahisi, jua haliiathiri sana, tatizo ni watoto wa nyuma, kwa hiyo gawa darasa mara mbili, nusu wanafanya zoezi nje chini ya mwembe nusu wako ndani.

Umeme ukikatika laptopu inaendelea ila televisheni imekufa, kwa hiyo kile kinachohitaji skrini kubwa kifanye mwanzo wa kipindi, maelezo na notsi viache viwe mwishoni. Ni ajabu kidogo gesi inatoka hapahapa kwetu Mnazi Bay inasafiri zaidi ya kilomita mia tano kwenda Dar na sisi tunapanga vipindi kwa kuvizia umeme, lakini hilo ni la siku nyingine.

Wale wa Historia, Kiswahili, Uraia, sitawadanganya, mle hamna cha kwenu cha kutosha, nyie maktaba mtandao ya TIE yenye vitabu vya kiada ni bora zaidi mkipata mtandao. Biolojia na Kemia PhET wanavyo vya kuanzia, mwenzangu wa Kemia anatumia ile ya kusawazisha milinganyo na ile ya hali za maada na hajalalamika.

Mwalimu yeyote wa Mtwara Mjini, Mikindani au Naliendele anayetaka aje Jumamosi na diski yake yenye nafasi giga 64 hivi, nina PhET yote na mada za hesabu na Fizikia nilizochambua kwa kidato cha kwanza mpaka cha nne, kunakili haichukui muda. Wa Masasi, Newala na Nachingwea subirini, kuna madam anakuja huko likizo nimempa diski yangu awapitishie.