Garmin SVT ndani ya Caravan: inakusaidia nini njia ya kutua isipoonekana

Anayenunua Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja, yenye G1000 (mfumo wa skrini za rubani wa Garmin), au anayefikiria kulipia kadi ya kufungulia SVT (picha ya kuchorwa ya ardhi na viwanja) kwenye ndege iliyokuja bila hiyo huduma, huwa na swali moja: nitauona uwanja mapema zaidi? Utauona, ila kwa masharti, na masharti yenyewe ndiyo kiini cha tathmini hii.

SVT haina kamera wala rada. Inachukua mahali ndege ilipo kutoka GPS na mkao wa ndege kutoka AHRS (vihisi vya mkao na mwelekeo), inalinganisha na kanzidata ya ardhi, vizuizi na viwanja, kisha inachora mandhari nyuma ya vipimo vya kawaida kwenye skrini ya inchi 10.4 iliyo mbele ya rubani. Hali ya hewa haiijui kabisa. Anga ya skrini ni ya buluu hata wingu likiwa futi 200 juu ya lami. Kwa hiyo haiwezi kukuambia kama utatua. Inachokuambia ni wapi pa kutazama, na mvua ya masika ikiwa imeziba Zanzibar, au mawingu ya Julai yakiwa yamelala juu ya uwanja wa Wilson, Nairobi, asubuhi, hilo pekee lina thamani kubwa.

Kuiwasha: kwenye G1000 ya kwanza bonyeza kitufe cha PFD, kisha SYN VIS, kisha SYN TERR. Ukiwa hapo hapo washa pia HRZN HDG (nyuzi za mwelekeo kwenye upeo) na APTSIGNS (mabango ya viwanja). Kwenye NXi, toleo jipya la G1000, ni PFD Opt, kisha SVT, kisha Terrain. Fanya haya kabla ya kuanza kushuka, si ndani ya wingu ukiwa na mwongoza ndege sikioni.

Bango la uwanja hujitokeza ukiwa maili 15 hivi za baharini, bila jina. Herufi za uwanja zinaandikwa ukifika karibu maili 8, na bango linaondoka kwenye maili 4.5, ambapo njia yenyewe sasa inatakiwa kuonekana imechorwa. Ukiwa umepakia utaratibu wa kukaribia kwa vyombo, njia uliyoichagua inazungushiwa kisanduku cheupe. Nairobi kisanduku hicho kina kazi ya kweli. Njia ya 07 ya Wilson na ya 06 ya JKIA (uwanja mkuu wa kimataifa) zinaelekea karibu upande mmoja, viwanja viko jirani, na Eastleigh nao hauko mbali. Rubani anayetoka wingu kwa ghafla hukimbilia lami ya kwanza anayoiona. Kisanduku cheupe kikiwa kushoto na lami uliyoiona ikiwa kulia, usiishukie hiyo lami.

Chombo chenye faida kuliko vyote ni lile duara la kijani linaloonyesha ndege inakoelekea hasa, si pua inakoelekea. Linaonekana mwendo wa ardhini ukizidi noti 30. Tuseme mwendo ni noti 90 na upepo wa ubavu ni noti 15: ndege itateleza karibu nyuzi 10. Njia basi haiko mbele ya pua, iko nyuzi 10 pembeni, na marubani wengi hupoteza sekunde za thamani wakitazama katikati ya kioo penye mvua tupu. Tazama duara limesogea upande gani, kisha peleka macho upande huo huo dirishani.

Duara hilo pamoja na mstari mweupe wa upeo vinakupa pembe ya kushuka bila PAPI (taa za pembeni mwa njia zinazoonyesha pembe hiyo). Pima kwa macho umbali kati ya mstari wa upeo na kizingiti, yaani mwanzo, cha njia iliyochorwa, ukitumia ngazi za nyuzi zilizo kwenye skrini. Kizingiti kikiwa nyuzi 3 chini ya mstari, uko kwenye mteremko wa nyuzi 3. Kikiwa nyuzi 2, uko chini mno: shikilia kimo ulichonacho mpaka kizingiti kishuke hadi 3, ndipo uweke duara juu yake na uanze kuteremka. Kikiwa nyuzi 5, uko juu. Hesabu ya kuthibitisha ni rahisi: futi 300 kwa kila maili moja ya baharini, na kasi ya kushuka ni mwendo wa ardhini mara 5, yaani futi 450 kwa dakika ukiwa noti 90.

Hapa ndipo SVT inapoyashinda macho. Maji juu ya kioo humfanya rubani ahisi yuko juu kuliko alivyo, naye hushuka chini zaidi. Utusitusi wa vumbi au moshi hufanya vivyo hivyo. Njia nyembamba, au inayopanda kilima, nayo hudanganya upande ule ule. Kiwanja chembamba cha changarawe chenye mwinuko, siku ya mvua, kina udanganyifu wote huo kwa pamoja, na wote unakusukuma kuelekea miti iliyo kabla ya kizingiti. Pembe iliyopimwa kwenye skrini haijui mvua wala wembamba.

Sasa mipaka yake.

Picha inaonyesha takriban nyuzi 30 kushoto na 35 kulia kwa pua. Ukiwa unazunguka uwanja, sambamba na njia, hiyo njia haimo kabisa kwenye skrini. Itazame kwenye ramani ya skrini ya katikati, ambako mistari ya V inaonyesha eneo lililomo kwenye picha. Wanaojaribu kuzunguka chini ya wingu huku wakiisubiri njia ijitokeze kwenye SVT huishia kupinda wakiwa wamechelewa, wakiongeza ulalo wa bawa karibu na ardhi.

Kimo cha picha kinatokana na GPS, si na altimita. Hilo lina uzuri wake: ukikosea QNH (shinikizo la hewa unaloweka kwenye altimita), mlima kwenye skrini haukosei pamoja nawe. Ila Kenya na Tanzania hazina taratibu za LPV (za kukaribia kwa kufuata mteremko unaotoka kwenye setilaiti), maana huku hatuna masahihisho ya setilaiti kama yale ya Marekani na Ulaya, na kimo cha GPS kisichosahihishwa kinaweza kupishana na ukweli kwa makumi ya futi. Futi 50 si kitu ukiwa maili 5. Ukiwa juu ya kizingiti ni suala la kugonga ua au kutogonga.

Ardhi imechorwa kwa nukta zilizo umbali wa sekunde 9 za tao, kama mita 280 kati ya nukta na nukta. Kilele chembamba kinaweza kunyolewa ncha. Vizuizi vilivyo chini ya futi 200 havimo, na minara mingi ya simu iko chini ya hapo. Rangi, hata hivyo, ni za kuheshimu: njano ni ardhi iliyo kati ya futi 1,000 na 100 chini yako, nyekundu ni ile iliyobakiza chini ya futi 100 au iliyo juu yako. Kiwanja cha Manyara kiko futi 4,150, juu kabisa ya ukingo wa bonde la ufa, na ziwa liko kama futi 1,000 chini yake. Wingu likikaa kwenye ukingo, anayeteremka mapema juu ya ziwa ataona ukuta mzima ukigeuka njano, kisha mwekundu. Tarehe 5 Juni 2018 Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga safu ya Aberdare na watu wote 10 waliokuwemo walifariki. Kwa safari za milima iliyojificha ndani ya mawingu, rangi hizi peke yake zinatosha kuhalalisha bei.

Udhaifu mkubwa kwa mazingira yetu ni kanzidata ya viwanja. Njia huchorwa tu kama imo humo ikiwa na vipimo vya vizingiti vyake. Viwanja vikubwa vya lami havina shida. Viwanja vya changarawe vya mbugani na vijijini vingi havimo, na vingine vilirefushwa au kizingiti kikasogezwa bila taarifa kumfikia mtengenezaji wa kanzidata. Njia isiyochorwa angalau haidanganyi. Hatari iko kwenye iliyochorwa pembeni. Kabla ya kuiamini picha ya kiwanja chochote, ikague siku ya jua: nyooka na njia, weka duara juu ya kizingiti kilichochorwa, kisha inua macho uone kama kizingiti halisi kiko pale pale. Andika tofauti kwenye karatasi ya kiwanja hicho ili rubani mwenzako naye aijue.

Kwa kiwanja kisichomo, tengeneza nukta yako mwenyewe kwa kusimama na GPS kwenye kizingiti, kisha tumia OBS (kitufe cha kuchagua mstari wa kufuata) kuweka mwelekeo wa njia. Utapata mstari wa kukunyoosha, ingawa njia haitachorwa. Huo si utaratibu wa kukaribia ndani ya wingu. Ni msaada wa kukitafuta kiwanja ukiwa na mwono wa kilomita 5 unaotakiwa kwa kuruka kwa macho, basi.

Kanuni nayo haibadiliki. SVT ya G1000 haishushi kimo cha chini cha utaratibu wowote, yaani kikomo cha kushuka bila kuiona njia, hata kwa futi moja. Ukifika kwenye kimo hicho, lazima macho yako yaone kizingiti, taa zake, PAPI au alama za njia. Panga mapema mahali pa kughairi kutua: kimo cha chini kikiwa futi 600 juu ya kizingiti, gawa kwa 300 upate maili 2. Ukifika maili 2 hujaona kitu, endelea na kimo chako hadi sehemu iliyoandikwa ya kughairi, lakini kichwani kutua kumeshaisha. Anayeiona njia akiwa maili 1 na futi 600 anahitaji kushuka futi 900 hivi kwa dakika kwa mwendo wa noti 90, na huko ndiko ndege huishia kupita mwisho wa lami yenye maji. Mgawanyo mzuri wa macho ni skrini hadi futi 500 juu ya kizingiti, kisha nje. Punguza mwanga wa skrini kabla ya hapo, washa hewa ya moto ya kioo kabla ya kushuka kwenye unyevu wa pwani, na ndani ya ukungu jaribu kuzima taa za kutua kama zinarudisha mwanga machoni.

Wanaoruka kusini mwa Tanzania msimu wa moto wa nyika, Juni hadi Oktoba, wafikirie pia kamera ya joto, mfano Max-Viz. Hiyo inaona kweli: hupenya moshi na giza, na huonyesha ng'ombe au twiga aliyesimama njiani, jambo ambalo SVT haiwezi kamwe. Ukungu mzito wa matone huishinda, na taa za LED hazitoi joto la kutosha kuonekana. Kwa safari za Nairobi, Arusha na visiwani tungechagua SVT kwanza. Kwa mbuga za kusini, kama pesa inatosha kitu kimoja tu, tungesita.

Tableti yenye programu ya ForeFlight au Garmin Pilot hutoa picha ya kufanana kwa bei ndogo, ila inahitaji kifaa chenye AHRS kilichofungwa imara. Kikilegea, upeo wa skrini unainama. Apple huruhusu iPad itumike hadi nyuzi 35 za joto, na juu ya dashibodi kwenye jua inazidi hapo upesi na kujizima. Ifunge kwenye usukani au pembeni, penye kivuli, na uitumie kama akiba tu.

Kwa yoyote utakayochagua, kanzidata ya safari hubadilishwa kila siku 28 na ya vizuizi kila siku 56. Skrini ya kwanza inapowaka, soma tarehe zake kabla ya kubonyeza ENT (kitufe cha kukubali).