Ushauri nasaha Area C: mshauri anayesikiliza kwa mwili mzima

Nimehudhuria vikao sita vya ushauri wa kisaikolojia katika ofisi moja ndogo iliyopo Area C, hapa Dodoma, na kilichonivutia zaidi si maneno ya mshauri bali namna mwili wake ulivyokwenda sambamba na wangu. Katika kikao cha tatu, nilipokuwa nikisimulia msiba wa mama, niliinama huku nikikunjakunja ncha ya kitenge. Muda mfupi baadaye naye akaweka kalamu chini na kuinama, na nilipovuta pumzi nikaegemea kiti, naye akaegemea taratibu. Hakuwa akiniigiza, maana kumwiga mtu kwa makusudi ni kebehi, na mteja huitambua mara moja.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2011, Fabian Ramseyer na Wolfgang Tschacher wa Bern, Uswisi, walichapisha uchambuzi wa vikao 104 vilivyorekodiwa kwa video, ambapo kompyuta ilipima miondoko ya pande zote mbili. Ulinganifu mkubwa zaidi uliambatana na uhusiano bora baina ya mteja na mtaalamu, pamoja na matokeo mazuri ya tiba, ingawa hilo pekee halithibitishi kwamba miondoko ndiyo inayoponya.

Kasoro niliyoiona ni meza pana yenye kompyuta. Katika kikao cha nne mshauri alichapa maelezo yangu mabega yakiwa yameelekea skrini, nami nikaongea kidogo na kuondoka mapema. Nilipomweleza, kikao kilichofuata nilikuta viti viwili vimehamishiwa dirishani.