Stade TP Mazembe ya Kamalondo: kiwanja yenye batu banafika na miguu

Kama uko unakuya Lubumbashi na unapenda mpira, tafuta mechi moja pale Kamalondo. Hata kama weye ni mutu wa Lupopo, timu ingine ya hapa Lubumbashi yenye inashindana na Mazembe, kuya tu. Nimeona viwanja vikubwa kuliko hii, lakini hakuna yenye imewekwa pahali pazuri hivi.

Kamalondo njo mutaa ya zamani kabisa ya batu beusi hapa kwetu, enzi ya Babelgiji iliitwa Albert, na iko karibu na katikati ya muji. Mutu anafunga duka yake anashuka na miguu, ba mutaa ya Kenya nabo banatembea, ba mutaa ya Katuba manseba moja, njo taxi ya pikipiki, inatosha. Kiwanja imesimama mu manyumba ya batu, ukuta wa mutu, njia, halafu geti. Siku ya mechi mama anatoa mbabula, jiko ya makala, inje ya lupango yake, anachoma michopo, anakata nyama vidogo vidogo juu ya kibao, anatia kitunguu na pilipili, anakufungia mu karatasi ya simenti na unakula ukiwa unatembea. Hii pesa yote inabakia mu mutaa, na mi naona njo faida yenye batu hawahesabu.

Ndani sasa. Ilifunguliwa 2011, ni ya klabu TP Mazembe yenyewe, nyasi ni ya plastiki, viti ni kama 18,500. Stade Kibassa Maliba, kiwanja ingine ya muji kule mutaa ya Kenya, inabeba karibu mara mbili ya ile. Batu banalalamika eti Kamalondo ni kidogo kwa timu yenye imeshika kombe ya Afrika mara tano. Kwa mi udogo njo uzuri wake: uko karibu, unasikia golikipa anagombeza mabeki, na batu 15,000 wakiimba pale unadhani ni 50,000. Wasomaji ba Tanzania munakumbuka tarehe 8 Novemba 2015, mechi ya kurudi ya fainali ya Afrika na USM Alger, Samatta anapiga penati, Assalé anamaliza, 2-0. Ilikuwa hapa hapa, na mutaa yote ilikuwa inje.

Kila mara kuna mutu anasema tujenge kubwa kule inje, njia ya Kasumbalesa ao ya Likasi, kwenyi udongo uko mingi. Mi napinga kabisa. Mechi inaisha jua linazama, sasa mwanafunzi wa Katuba atalipa transporti ya kwenda na ya kurudi pamoja na tiketi, na atarudi usiku na nini? Mara ya kwanza atakuya, ya pili ataangalia ku televizyo. Ndugu yangu anaishi Columbus kule Marekani, kwenyi banapenda beziboli, timu yabo Clippers iko Triple-A, ngazi moja chini ya ligi kubwa. 2009 walitoka Cooper Stadium, magharibi ya muji, wakaingia Huntington Park katikati kabisa, na hii mupya ni kidogo kuliko ya zamani, viti 10,000 hivi. Viti vilipunguka, batu wakaongezeka! Juu kiwanja iko ku njia yenye mutu alikuwa anapita tayari.

Sitaficha, haijai kila siku. Mechi ya ligi siku ya kazi mchana, na timu yenye hatujui jina, unakuta nafasi unanyoosha miguu. Lakini hata ile siku watoto ba mutaa wako pale, wazee wako pale na redio ku sikio, na kelele haikosi.

Motokari acheni nyumbani. Njia za Kamalondo ni nyembamba, ukiegesha ndani utatoka wa mwisho. Na mechi ikiisha bamanseba wanapandisha bei mara mbili pale pale ku geti, tembea kwanza mpaka njia kubwa, bei inashuka yenyewe. Siku ya mechi ya kombe ya Afrika (CAF) nunua tiketi mapema, na siku ya derby na Lupopo ingia masaa mawili mbele, ukikawia hata pa kusimama hautapata, utasikilizia mechi inje na ba mama ba michopo.