Jiwe la kunolea visu: lipi ununue Nairobi

Mtazame mama mboga akikukatia sukuma wiki mkononi, bila kibao, nyuzi nyembamba zikidondokea mfukoni. Mara nyingi kisu chake ni cha bei nafuu kama chako, ila chake hunolewa. Kabla ya kununua kisu kingine, basi, nunua jiwe. Nimeyapanga kuanzia lile ninalolipendekeza zaidi.

1. Jiwe la maji, yaani la kunolea likiwa limelowa, la pande mbili, namba 400 na 1000. Namba zake huenda kama za msasa: ndogo hukwangua, kubwa hulainisha. Upande wa 400 hufufua kisu kilichokufa au kilichomeguka kidogo, na wa 1000 ndio wa kila mara. Wauzaji wa mtandaoni watakuvutia kwa 3000 na 8000, eti ndiyo ya wapishi wakubwa. Achana nayo. Visu vingi vya supamaketi ni vya chuma laini, na ule mng'ao wa namba 8000 hautadumu. Isitoshe, ukianza na jiwe laini hivyo kwenye kisu butu, utasugua mpaka jioni.

Chukua lenye urefu wa sentimita 18 na upana wa 6, au zaidi. Ukiwa dukani, simamisha ubavu wa kitambulisho chako juu ya jiwe, kwa upana kisha kwa mshazari, uangalie kwenye mwanga. Mwanga ukipenya chini yake, jiwe lina bonde, mrudishie mwenyewe.

2. Bamba la almasi. Ni chuma kilichogandishwa chembe za almasi. Halifanyi bonde wala halilowekwi, matone machache yanatosha, na hilo si jambo dogo kwa anayeishi kwa mgao wa maji. Ukiwa na kisu cha kauri, hili ndilo la kukimbilia. Shida ni kwamba likiwa jipya hukwaruza vibaya, na ukilikandamiza chembe hung'oka. Mwenye mkono mzito na arudi namba moja.

3. Jiwe la kijivu la hadiwea. Ndilo la bei rahisi kuliko yote, na hulikosi ukizunguka River Road au Gikomba. Kwa panga ni safi. Kwa kisu cha jikoni linasaidia, ila halileti makali laini. Amua siku ya kwanza kama utatumia maji au mafuta, maana likishanywa mafuta maji hayapenyi tena. Tumia mafuta ya cherehani. Ya kupikia hukauka yakawa kama gundi. Likiziba, lisugue kwa brashi na mafuta ya taa.

4. Kile kidude chenye mwanya, unachopitisha kisu katikati ukikivuta. Kinararua chuma. Sikinunui.

Fundi wa kunoa anayepita mtaani na baiskeli? Mpe panga. Kisu chembamba hupata joto haraka kwenye gurudumu lake, na ukiona ukingo umegeuka rangi, ugumu wake umekwisha. Ule mchi wa chuma wa muuza nyama nao hunyoosha tu makali yaliyolala; hauchukui nafasi ya jiwe.

Ukishanunua, shughuli iko kwenye pembe. Kisu chenye upana wa sentimita 4, inua mgongo wake milimita 14 hivi kutoka kwenye jiwe. Hapo una kama nyuzi 20. Sugua upande mmoja hadi kidole kihisi, upande wa pili, ukingo mwembamba uliojikunja kutoka kishikio hadi ncha. Ndipo ugeuze. Wengi wanaolalamika kwamba jiwe ni bovu waligeuza mapema.

Jiwe la maji linalohitaji kulowekwa liache majini mpaka mapovu yaishe, kama dakika 10 hadi 15. Baadaye lisuuze, likauke kivulini. Juani linaweza kupasuka, na ukilifunga kwenye mfuko wa plastiki likiwa bichi litaota ukungu. Likianza kuingia bonde, chora mistari ya penseli juu yake, weka msasa wa maji namba 120 juu ya kipande cha kioo au kigae, mwagia maji, usugue mpaka penseli iishe yote. Kata pia kona kali za pembeni, maana ndizo humeguka kwanza. Bamba la almasi halihitaji haya: sabuni, mswaki mkuukuu, kisha lifute likauke lisishike kutu.