Seti ya kutengenezea vito kwa wanaoanza: nilivyoitumia baada ya kufiwa

Niliinunua seti hii wiki sita baada ya kumzika mama yangu, nikijiambia kwamba naanzisha biashara ndogo ya vito vya mkono, ingawa kwa kweli nilikuwa natafuta kazi ya kuishughulisha mikono usiku, saa ambazo usingizi ulikuwa umenihama. Kwa hiyo naipima kwa vipimo viwili: namna inavyofundisha kazi, na namna inavyomwandaa mtu kuuza, kama yanavyoahidi maandishi ya kwenye boksi lake.

Katika kufundisha, imeniridhisha. Koleo zake tatu, ya ncha ya duara, ya ncha bapa na ya kukatia, hazichoshi vidole, na waya wake wa shaba wa milimita 0.8 unakunjika na kukunjuka mara kadhaa kabla ya kukatika. Kijitabu kinaeleza vizuri jambo ambalo wanaoanza hulikosea, yaani kwamba kipete cha kuunganishia hufunguliwa kwa kuisukuma ncha moja mbele na nyingine nyuma, wala si kwa kuzitanua pembeni, kwa sababu kikishatanuliwa hakirudi vizuri kuwa duara na mkufu huweza kufunguka. Nilirudia zoezi hilo hadi nikathubutu kuzitunga upya shanga za mkufu wa mama uliokatika, ambazo aliziweka koponi akisubiri siku ya kuutengeneza. Ilinichukua siku nne, na siku mbili kati ya hizo sikutunga hata ushanga mmoja.

Watu wamevaa majonzi yao tangu zamani. Malkia Victoria wa Uingereza, alipofiwa na mumewe mwaka 1861, alivaa vito vya jeti, aina ya jiwe jeusi, na wengi wakamwiga. Hata hivyo kijitabu hakigusi kabisa vito vya kumbukumbu, ilhali wateja wangu watatu wa kwanza waliniletea shanga za marehemu wao.

Upande wa biashara ndiko seti inakopwaya. Kulabu za hereni hazielezwi ni za madini gani, na mteja mmoja alizirudisha kwa kuwa masikio yalimwasha na kuvimba. Nikeli hujulikana kwa kuleta mzio wa namna hiyo, kiasi kwamba Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo katika vito vinavyogusa ngozi. Nilimrudishia fedha zake, kisha nikanunua kulabu za fedha yenye alama 925, maana yake sehemu 925 kwa kila 1,000 ni fedha halisi. Kuhusu bei, ushauri pekee ni kuzidisha gharama ya vifaa mara mbili, hivyo bangili iliyonichukua saa tatu ikauzwa sawa na ile ya dakika ishirini.

Lililoniudhi zaidi ni ratiba inayomtaka mtu apokee oda ndani ya siku 30. Niliifuata, nikakubali vikuku kumi na viwili, kisha ikafika siku ya kuzaliwa ya mama na koleo zikanishinda kushika. Mteja alisubiri wiki mbili zaidi, kwa uvumilivu ambao sikuustahili. Siku hizi naandika wiki tatu kwenye kila oda, hata ile ya siku moja.

Anayetaka kujifunza aichukue bila wasiwasi. Anayetaka kuuza anunue kulabu kando, na sura ya bei airuke.