Mafunzo ya noti zinazosomeka kwa masikio, Kisumu: uzoefu wangu

Siku mbili, kwa wakufunzi na watu wa maktaba wa vyuo vya ufundi: jinsi ya kuandaa noti, slaidi na PDF ambazo mwanafunzi asiyeona atazitumia bila kusomewa. Nayapa nne kwa tano.

Asubuhi ya kwanza pekee ilitosha kurudisha nauli. Kila mtu alifungua noti zake za Word, akawasha NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, na skrini ikafunikwa. Ukibonyeza H, sauti huruka hadi kichwa kinachofuata. Kwa wengi haikuruka popote. Vichwa vyao vilikuwa maandishi ya kawaida yaliyokolezwa na kukuzwa: jicho linaona kichwa, programu inaona aya kama aya nyingine. Dawa ni Ctrl+Alt+1 kwenye mstari wa kichwa kikuu, Ctrl+Alt+2 kwa kile cha chini yake. Jambo moja lilisemwa kwa kuchelewa: ndani ya Word, bonyeza kwanza kitufe cha NVDA (kwa kawaida Insert) pamoja na spesi, la sivyo unaandika tu “hhhh” katikati ya noti.

Somo la PDF lilikuwa zuri pia. Ukipitia Microsoft Print to PDF, vichwa vyote ulivyovihangaikia vinapotea. Tumia “Save As”, chagua PDF, na uhakikishe alama ya tiki iko kwenye sehemu ya muundo wa hati. Kurasa zilizopigwa picha kwa simu na kurushwa kwenye grupu la WhatsApp (tabia yetu sote) ni picha tu. NVDA haina cha kusoma hadi zipitishwe kwenye programu ya kutambua maandishi.

Noti za Kiswahili zilisomwa kwa matamshi ya Kizungu hadi tulipoweka lugha ya hati kuwa Kiswahili na kuchagua sauti ya eSpeak. Inasikika kama roboti, lakini inaeleweka.

Rangi zilipitiwa haraka: utofauti wa mwangaza kati ya maandishi ya kijivu #999999 na nyeupe iliyo nyuma yake ni 2.85 kwa 1, na kiwango cha chini cha WCAG (miongozo ya kimataifa ya maudhui yanayofikika na wote) kwa maandishi ya kawaida ni 4.5 kwa 1. #767676 inapita, kwa kuponea chupuchupu.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu ya hesabu. Wakufunzi wa umeme walikuja na fomula zilizobandikwa kama picha, wakaambiwa waandike maelezo ya picha. Kwa fomula ndefu hilo halisaidii. Bonyeza Alt na =, uiandike upya ndani ya Word; NVDA ikiwa na MathCAT, programu ya kusoma hesabu, itaisoma kipande kwa kipande. Jedwali nalo liliguswa juu juu, ilhali ratiba za vyuo zimejaa visanduku vilivyounganishwa, na hapo ndipo msikilizaji hupoteza safu.

Ukienda, pakua NVDA ukiwa nyumbani, na ubebe vipokea sauti vya masikioni. Laputopu ishirini zikisoma kwa pamoja, hakuna anayesikia yake.