Rivolva ya kukoki kwa gumba: ipi ununue kwanza, na imetoka bonde gani

Swali hili naulizwa kila mara na ndugu zetu wa hapa New England wanaoanza kwenda uwanja wa shabaha: kati ya rivolva zile za mtindo wa kizamani, ninunue ipi? Najibu kwa mpangilio wangu mwenyewe, kuanzia ninayoiamini zaidi.

Kwanza tuelewane. Rivolva hii haifyatuki kwa kuvuta kifyatulio peke yake. Unavuta nyundo nyuma kwa kidole gumba, silinda, yaani gurudumu lenye matundu ya risasi, inajizungusha hatua moja, halafu kifyatulio kinafanya kazi moja tu ya kuiachia nyundo. Ni ya polepole, na kwa anayejifunza polepole hiyo ni faida.

Namba moja ni Ruger, ama Single-Six ya .22 (risasi nyembamba na nyepesi) au New Vaquero ikiwa unataka risasi nene. Naiweka juu kwa sababu ya kitu kisichoonekana kwa nje. Rivolva za asili za Colt za mwaka 1873 zina pini, ile ncha inayoigonga risasi, iliyoshikana na nyundo. Ukipakia zote sita na nyundo ikalala, ncha ya pini inagusa kitako cha risasi. Ikidondoka kwenye sakafu ya saruji na kutua kwa nyundo, inafyatuka. Ndiyo maana wazee walipakia tano: weka moja, ruka tundu, weka nne, koki, kisha shusha nyundo taratibu juu ya tundu tupu. Mwaka 1973 Ruger waliweka kipande cha chuma kinachopanda na kukaa kati ya nyundo na pini, na kinabaki juu pale tu unapokuwa umeshikilia kifyatulio. Usipovuta, nyundo haina njia ya kuifikia pini. Mtu mwenye watoto nyumbani asinunue kingine kabla hajaitazama hii, na hata hivyo aiweke kwenye sefu.

Wapo wanaodharau fremu za Ruger, yaani mwili wa bastola, kwa kuwa ni chuma cha kusubu, si cha kufua. Mimi siwaungi mkono. Super Blackhawk yao inapiga .44 Magnum, risasi yenye nguvu kubwa, kwa fremu za namna hiyo hiyo, zinazosubiwa Newport, New Hampshire. Mto Sugar unaopita mji ule unamwaga maji yake mto Connecticut, na bonde la mto huo ndilo lililozaa kazi hii yote: karakana ya silaha ya serikali ya Springfield, Massachusetts, ilianza 1794, Colt wakajenga Hartford, Windsor kule Vermont wakatengeneza mashine za kukereza vipuri vinavyooana. Mafundi walikuwa wakihama kiwanda hadi kiwanda na ujuzi wao. Faida yake kwako mnunuzi ni kwamba huku fundi bunduki na vipuri havitafutwi mbali.

Ya pili ni Uberti Cattleman, kutoka Gardone Val Trompia, Italia. Bonde lile nalo lilikuwa na chuma milimani na mto Mella wa kuzungusha nyundo za wahunzi. Beretta wapo hapo tangu 1526, na sasa Uberti ni mali yao. Ukitaka umbo halisi la 1873 bila kulipa bei ya Colt, chukua hii. Igeuze uangalie mihuri: kila bunduki inayotoka pale hupigishwa risasi za majaribio zenye nguvu kuliko kawaida, na herufi mbili ndani ya kisanduku kidogo zinakuambia mwaka ilipopimwa. Za karibuni zina pini inayorudi ndani. Hata hivyo mimi ningepakia tano.

Kwa mfuko mwembamba kuna Heritage Rough Rider, inayotengenezwa Bainbridge, Georgia, na Ruger Wrangler iliyotoka 2019 kwa dola 249. Heritage ni rahisi zaidi, ila usalama wake unategemea kijiti cha pembeni ambacho lazima ukikumbuke wewe mwenyewe. Ongeza dola chache uchukue Wrangler.

Colt yenyewe? Ni nzuri, nyundo yake inalia mara nne ikivutwa, na sauti ile sijaichoka. Lakini kwa bei yake unapata New Vaquero na chenji ya risasi za mwaka. Freedom Arms ya Wyoming, ya risasi tano za .454 Casull, zenye nguvu mno, ni ya mwindaji wa wanyama wakubwa. Si ya kuanzia.

Kuhusu sheria: kwa duka lenye leseni uwe na miaka 21, ujaze fomu 4473, ile ya serikali kuu kwa mnunuzi wa silaha, na rekodi zako zichunguzwe. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa; mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa sababu chache. Majimbo yana masharti yake ya ziada, ulizia kwanza.

Ukienda kununua ya mtumba, kuwa macho. Muuzaji mmoja aliwahi kuniuzia nakala ya Colt ya zamani akiniapia kuwa sita ni salama. Nilipofika nyumbani nikalaza nyundo juu ya silinda tupu, nikaona kwa macho yangu pini imetokeza hadi pale kitako cha risasi kingekuwa. Kwa Ruger, tazama ubavu wa fremu: skrubu tatu ni muundo wa kabla ya 1973, pini mbili za ubavuni (si ile ya kugonga risasi) ni mpya. Ya skrubu tatu kampuni huibadilishia mtambo bure na kukurudishia vipuri vya zamani, basi uliza kama imeshapelekwa. Halafu omba ruhusa, hakikisha ni tupu, ikoki polepole na ujaribu kuitikisa silinda kwa vidole viwili. Ikicheza sana kushoto na kulia, irudishe mezani.